Nani Atamsemea Papa Deo?

Nakumbuka wiki moja ambayo usingizi ulinikataa kwa sababu ya swali hili, mdogo wangu: je, mtoto anaweza kumsemea baba wa watu mbele ya benki? Usicheke. Jumatatu wewe nawe unaanza kazi ya kushauri watu. Mimi sina mvi hata moja, lakini chumvi niliyokula katika ofisi ile inatosha kukuonjesha.

Chama chetu kinasaidia watu wa kipato kidogo kununua nyumba, na kusimama nao wanapokaribia kuipoteza. Unajua wengi wa ndugu zetu, bei za nyumba hapa Brussels zikiwashinda, hununua vijijini, kule Hainaut, kwenye mashamba ya viazi. Papa Deo na mkewe, Maman Vumilia, walifanya hivyo. Ni watu wa Bukavu, na tunasali nao parokia ya Koekelberg, hapa mjini. Kila Jumapili wanakuja na treni. (Wameniruhusu kukusimulia. Maman Vumilia mwenyewe huisimulia hadithi hii mara nyingi kuliko mimi, na kwake mimi huwa mjinga zaidi.)

Papa Deo alifanya kazi kwenye karakana iliyokuwa ikipeleka vipuri kiwanda cha magari cha Forest. Kiwanda kilipofungwa, karakana nayo ikafunga, na malipo ya mkopo wa nyumba yakaanza kuchelewa. Alipokuja kwangu alikuwa ameshapata kazi nyingine katika ghala la viazi, karibu na kwake. Lakini benki ilikuwa imeshachoka kungoja, ikasema italipeleka jambo kwa hakimu ili nyumba iuzwe.

Niliwaombea kikao na benki. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kwamba mteja hasemewi, anaachwa aseme mwenyewe, na hiyo ndiyo heshima. Basi nikampeleka Papa Deo, nikaketi pembeni, nikanyamaza vizuri sana. Afisa wa benki, mama mmoja mpole, akamwuliza imekuwaje. Papa Deo, na suti yake ya kijivu, akatazama chini. Akaulizwa tena. Akanitazama mimi, akakohoa, akarudi kutazama viatu. Na Kifaransa anakijua. Kanisani ndiye anayesoma masomo! Mwishowe yule mama akafunga faili, akasema anaona bwana hataki kushirikiana. Akatupa kikao kimoja cha mwisho, wiki mbili baadaye.

Kimya kingi kina mshindo, wanasema, na mimi nilianza kuutafuta mshindo huo. Ni kiburi? Ni ugonjwa? Ni suti inambana? Kabla hatujafika kituo cha metro cha Porte de Namur nilikuwa nimeshampa magonjwa ya kujaza kitabu.

Jumamosi, ikiwa imebaki wiki moja hivi, nikapanda treni kwenda kwao. Kuuliza si ujinga. Maman Vumilia akanipakulia fufu na sombe, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka hadi akashika meza.

"Mutoto wangu, weye uliona wapi bwana-arusi anajisemea ku dot?"

Nikasema kwenye mahari sijaona.

"Ni nani anasemaka? Porte-parole, musemaji! Bwana-arusi anavaa muzuri, anaangalia chini, anaikala kimya. C'est tout. Ule papa alifanya vile vile. Alikuwa anakungoja weye!"

Papa Deo, kutoka kwenye kochi, akaongeza: "Niliona umekamata kalamu, nikasema bon, sasa ataanza. Alors, hukuanza."

Mdogo wangu, nilitamani sahani ya sombe inifiche. Nimekulia hapa, lakini mahari ngapi nimehudhuria? Jambo zito la nyumba ya mtu, kwetu, mwenyewe hajisemei. Akijisemea, anaonekana hana watu.

Nikapendekeza tumtafute mzee, tonton mmoja wa kanisani ambaye amesimamia harusi nyingi.

"Ule?" Maman Vumilia akainua mikono. "Anajua kusema, anajua na kusemasema. Dimanche, ku misa, paruasi yote itajua. Hapana, ni weye."

"Maman, mimi ni mtoto."

"Mutoto mwenye anajua dossier ya nyumba. Donc ni mukubwa."

Papa Deo akainuka, akavaa koti la suti humo humo ndani kwake, akaleta chupa ya limonadi na glasi. Msemaji hatumwi mikono mitupu: anapewa kinywaji, na akikinywa amekubali. "Nakupa mudomo wangu," akaniambia. "Nikisema mimi, nitaomba. Ukisema weye, utaeleza."

Nikaitazama ile glasi. Nikasema naomba nifikiri. Maman Vumilia akaifunga chupa. "Fikiri. Yenyewe haina haraka."

Hapo ndipo ilipoanza wiki ninayokuambia. Nikimsemea, navunja nilichofundishwa. Nikikosea, nyumba inauzwa, na watu hawa nitakutana nao kila Jumapili. Na je, benki ikinicheka? Nilijiuliza maswali mpaka maswali yakazaa. Asubuhi ya kikao, nikipiga mswaki, niligundua kwamba yote yalikuwa yananihusu mimi: nitaonekanaje. Kuhusu nyumba hapakuwa na swali hata moja. Watu wale walikuwa na la kusema, na halikuwa limesemwa.

Niliwakuta mbele ya benki, Maman Vumilia na mkoba mkubwa, ndani yake chupa ile ile na glasi iliyofungwa kwenye kitenge. Akamimina. Gesi ilikuwa imeshatoka yote, limonadi imebaki sukari tupu. Nikainywa pale barabarani, wapita njia wakishangaa, mpaka tone la mwisho.

Ndani nikamwambia yule afisa kwamba familia imenipa neno. Nikaeleza kazi ilivyokwisha, kazi mpya ilivyopatikana, na kiasi wanachoweza kulipa kila mwezi bila kukosa. Niliposema anafanya kazi kwenye ghala la vitunguu, Papa Deo akakohoa. "Viazi," akanong'ona. Afisa akacheka, akamgeukia: "Ni kweli hayo yote, bwana?"

"Ni kama alivyosema," akajibu, safari hii akimtazama usoni. "Isipokuwa vitunguu."

Benki ikakubali kuurefusha mkopo. Nyumba haikuuzwa.

Basi sikia nasaha yangu. Kabla hujamsaidia mtu, mwulize kwao msaada unaombwaje, na nani huwa anasema. Heshima uliyofundishwa darasani ni nzuri, lakini pima kwanza kama inamwenea mwenzako, maana nguo ya kuazima haisitiri matako. Na ukipewa mdomo wa mtu, usiuchunguze mpaka ukaozea mkononi. Utumie, halafu umrudishie.

Mungu akupe sikio kabla ya ulimi. Akupe wazee wa kukucheka kwa upendo. Na kila mlango utakaoubisha kijijini, aufungue mwenye nyumba mwenyewe.