Walihamisha Lango Nikiwa kwa Mama Mgonjwa

Admin, nifiche jina, lakini kisa usikikate. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane, nina watoto watatu na ninauza nguo za watoto sokoni Oyugis. Kwetu ni Ntimaru, mimi ni Mkuria, na nimeolewa na Mjaluo. Nataja kabila kwa sababu bila hiyo hamtaelewa vile nimechezwa.

Mume wangu, tumwite Baba Neema, alipopewa shamba na wazee wake, mimi ndiye nilisimamia ujenzi. Yeye anafanya kazi Homa Bay mjini na huja wikendi tu. Nikifunga kibanda napitia huko, nakanyaga matope, nagombana na mafundi. Siku moja niliwafanya wabomoe lenta iliyopinda juu ya mlango, wakaanza kuniita Madam Lenta. Niliwaachia mengi, lakini jambo moja nilikataa katakata liguswe: dirisha la jiko litazame lango. Nilitaka niwe naosha vyombo huku nawaona watoto wangu wakiingia kutoka shule.

Najua Wajaluo wana mila ya kuanzisha boma jipya, ya kuingia na shoka na jogoo, kuwasha moto na kulala hapo usiku wa kwanza. Nilimuuliza Baba Neema kama tutaifanya. Akacheka. "Mama Neema, sisi ni watu wa kanisa. Mchungaji ataomba, tuingie, basi." Nilimpenda zaidi siku hiyo, mjinga mimi.

Tulikuwa tumeshaezeka mabati mama yangu alipougua, nikaenda Ntimaru kumuuguza. Kila nikitaka kurudi, dada ya mume wangu ananipigia. Huyu wifi tunaimba naye kwaya, tunavaa sare moja. "Kaa na mama yako, wifi yangu. Mafundi nitawaangalia mimi." Nilimshukuru hadi nikalia kwa simu. Wiki hiyo hiyo Baba Neema akaniambia lori la mchanga limeshindwa kupita langoni, kuna mwamba, afadhali lango lisogezwe upande wa pili. Mimi nilikulia nyumba za kupanga, lango ninalojua ni la kufunga usiku. Nikamwambia sogeza tu, na ulipake rangi ya buluu.

Niliporudi nikakuta lango la buluu, na mbele yake kabisa kijumba cha mabati. "Ni stoo ya saruji," akasema. Nikaingia nifagie. Kulikuwa na kitanda, majivu katikati ya mafiga, na manyoya ya jogoo. Nikajisemea hawa mafundi wanajua kula. Nilifagia yale majivu kwa mikono yangu, nikayamwaga kwa shimo la taka, nikapanga mifuko ya saruji humo. Hata nilitafuta kufuli nzuri ya ule mlango.

Mwezi huu tumemaliza vigae, na shangazi ya mume wangu akaja kuona. Ni mzee, hajui kufichaficha maneno. Akasimama langoni akauliza, "Mikayi yuko wapi? Nataka kumsalimia." Mikayi ni mke wa kwanza. Nikacheka, nikamwambia, "Waya, shangazi yangu, si ni mimi huyu?" Hakucheka. Aliangalia kile kijumba, akaniangalia mimi.

"Nyathina, mtoto wangu, kwani hawakukuambia? Nyumba inaangaliana na lango ndiyo ya mikayi. Yako ni hiyo ya kando. Yule mama wa Mbita alikuja na kijana yake mkubwa, wakawasha moto na bwana yako, wakalala hapo. Hii boma ilishafunguliwa."

Yule mama wa Mbita! Miaka yote ya ndoa yetu niliambiwa ni msichana wa ujana wa mume wangu, waliachana, kwisha. Kumbe mahari ilitolewa na haikurudishwa. Kumbe nimeolewa mke wa pili na mimi ndiye pekee sikujua.

Nilimuuliza Baba Neema jikoni, mbele ya lile dirisha. Hakukana hata kidogo. "Wazee walisema nikijenga na wewe kwanza nitaletea watoto shida. Ningefanya nini? Halafu angalia, nyumba kubwa ni yako. Siling ni yako, vigae ni vyako. Yeye ako na mabati tu. Sasa unataka nini tena?"

Nikampigia wifi. Akasema, "Mimi nilipika tu, hayo mengine uliza bwana yako." Alipika! Mimi namgeuza mama yangu kitandani asipate vidonda, yeye anawapikia wageni kwenye kiwanja changu. Hilo limeniuma kuliko hata ya mume. Sabato iliyopita alikuja kusimama kando yangu kwaya, nikashuka nikaenda kukaa nyuma.

Sasa Jumapili hii mchungaji anakuja kuombea nyumba, na Baba Neema anasema usiku huo lazima tulale humo. Shangazi amenieleza wazi: nikilala, nimekubali mbele ya watu kwamba mimi ni wa kando, na hilo halibadilishwi tena. Nisipolala, nimeiacha nyumba niliyoisimamia tangu msingi, na watoto wangu watauliza kwa nini bado tunapanga nyumba Oyugis.

Jana nilienda kupima pazia la jiko. Pale lango lilipokuwa wamepanda miti ya ua, imeanza kushika. Nikiosha vyombo nitakuwa natazama ua. Watoto wangu wakitoka shule, watapita mlangoni kwake kwanza.

Wajaluo mnaojua mila hii, na nyinyi wengine mliowahi kuolewa mkiwa gizani, nishaurini. Jumapili nilale, ama nisilale? Ila tafadhali, mtu asiniambie nyumba ni nzuri. Najua ni nzuri, niliijenga mimi.