Siku Waliponiita Mtaalamu wa Mizinga

Mama yangu hakusema uongo. Wenzake wa kanisani, kule kwetu juu ya mji wa Meru, walipomuuliza binti yake anafanya kazi gani Mombasa, alijibu, "Anafanya kazi ya mizinga," kisha akageuza mazungumzo yakaenda kwenye mvua au bei ya majani chai. Waliosikia walitikisa vichwa kwa heshima. Kwetu mzinga ni ule wa nyuki. Hakuna aliyefikiria mzinga wa manowari.

Mimi sikuwa na habari. Nilijiunga na jeshi la majini nikiwa msichana ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya mto uliofurika, na baada ya mafunzo nikapangiwa kazi ya mizinga. Niliipenda. Nilipenda harufu ya grisi asubuhi, na jinsi sisi watu wa kikosi kimoja tulivyosogea bila kugongana katika chumba ambacho mama asingekubali kufugia mbuzi. Tulikuwa tukilenga shabaha iliyokokotwa na meli nyingine, mbali sana baharini. Mara nyingi tulikosa. Bahari inainua meli, upepo unasukuma, mtutu ukishapata moto unabadilika tabia, na kombora likishatoka huna la kufanya ila kuchukua darubini na kusubiri maji yaruke.

Kisha nikapelekwa ng'ambo kwa kozi. Siku moja mwalimu alituwekea mezani kombora lililopasuliwa kwa urefu, sehemu zake zimepakwa rangi mbalimbali ili tuone vilivyomo. Hili, alisema, halirushwi tu, linaongozwa. Likitoka mtutuni linafungua mapezi madogo. Lina chombo cha kupokea mawimbi ya setilaiti, kwa hiyo linajua liko wapi kila wakati, na linajipinda kidogo kidogo mpaka lifike pale lilipoambiwa. Nilichostaajabia hasa ni kwamba vile vyombo vyote, vyembamba kama vya saa ya mkononi, vinastahimili kishindo cha kupigwa kutoka mzingani. Sisi nyumbani hatukuwa na makombora ya aina hiyo. Hata hivyo nilinyoosha mkono mara nyingi sana siku ile, hadi wenzangu wakaanza kucheka.

Nilirudi likizo Meru nikiwa nimejaa habari hiyo kama mtungi. Jioni ya kwanza nilianza kumsimulia mama jikoni. Alikuwa akiponda mukimo wa viazi na mahindi, na hakuinua kichwa.

"Kula kwanza," alisema.

Nilipomaliza kula nikaanza tena. Akasema kesho kutwa tunakwenda Embu kwa mdogo wake, nilale mapema. Nikadhani amechoka.

Mama mdogo aliishi mtaa wa Dallas pale Embu mjini, akiuza vitambaa, lakini aliolewa Kiambere, upande wa Mbeere, na huko alikuwa na kikundi cha akina mama. Alitupokea kwa chai na maandazi. Asubuhi yake akatupakia katika pikapu ya mumewe, tukateremka kuelekea Mbeere, joto likizidi kila tulipopita kilima. Niliambiwa tunakwenda kuwasalimu tu.

Tulipofika nilikuta viti vimepangwa kivulini, karibu na nyumba ya mwenyekiti, ambapo bwawa la Kiambere lilionekana likimetameta kule chini. Akina mama wapata ishirini walisimama wakaimba. Nilipewa kiti chenye kitambaa cha kufuma. Mwenyekiti wao, mama mrefu mwenye sauti ya kukemea mbuzi, alianza kuhutubia.

"Tunashukuru Mungu kwa mgeni wetu. Tumengoja sana mtaalamu. Hii mizinga yetu iko na shida. Nyuki wanaingia, wanakaa kidogo, halafu wanahama. Sasa tumeletewa mtoto wetu mwenyewe, amesomea mizinga mpaka ng'ambo. Mwari wetu, binti yetu, karibu utuambie."

Walipiga makofi. Nilimtazama mama mdogo; alikuwa akipiga makofi kwa nguvu kuliko wote, uso umejaa fahari. Nilimtazama mama yangu. Alikuwa akichunguza pindo la leso yake kana kwamba limeandikwa kitu.

Hapo nikaelewa. Nikasimama.

"Mama zangu," nilisema, "nawashukuru sana. Lakini mimi sijui chochote kuhusu nyuki. Mimi ni askari wa majini. Mizinga yangu ni ile ya kupiga makombora."

Mbuzi alilia mahali fulani. Mama mdogo akamgeukia dada yake polepole.

"Dada. Si uliniambia ni kazi ya mizinga?"

"Na si ni mizinga?" mama akajibu kwa sauti ndogo.

Mwenyekiti ndiye aliyeanza. Alijaribu kujizuia, akafunika mdomo kwa kiganja, mabega yakatikisika, kisha akaketi chini kwenye nyasi na kucheka hadi machozi yakamtoka. Wengine wakamfuata. Bibi mmoja mzee, aliyekuwa mkubwa kwao wote na aliyetembelea fimbo, aliomba aelezewe kwa Kimbeere, na alipoelezewa wakaanza upya wote pamoja naye. Nami nilicheka. Mama peke yake hakucheka.

Walipotulia, yule bibi akasema mgeni hawezi kuja mbali hivyo halafu asifundishe. Basi niwafundishe hiyo mizinga ninayoijua.

Niliokota gunzi la mahindi karibu na jiko, nikaomba manyoya ya kuku. Nilianza na gunzi tupu. Niliweka karai mbali kidogo, nikawaambia tulirushe liingie ndani. Hapo mkutano ukageuka mchezo. Akina mama walikunja vitenge, wakapanga foleni, wakarusha. Gunzi lilianguka huku na huku, safari moja likampata jogoo. Upepo wa bwawani ulikuwa ukivuma kwa kukatiza, na kila aliyekosa aliulaumu.

"Mnaona?" nikasema. "Likishatoka mkononi huna amri juu yake tena. Makombora tuliyozoea ni hivyo."

Kisha nikachomeka manyoya matatu nyuma ya gunzi. Lilikwenda limenyooka zaidi, lakini bado liliangukia nje. Nikawaambia sasa wafikirie yale manyoya yanaweza kugeuka yenyewe, na ndani ya gunzi kuna kitu kama redio ndogo inayosikiliza setilaiti zilizo juu kabisa, zinazoliambia gunzi uko hapa, uko hapa. Upepo ukilisukuma kushoto, linajua, linajirudisha. Si lazima lione karai. Linajua karai iko wapi tangu lilipotoka.

"Na linaenda mbali?" mwenyekiti akauliza.

"Yapo yanayoweza kutoka Meru mjini yakafika Embu, kwa njia ya ndege."

Mama mdogo alishika kiuno. "Kwa hivyo huyu dada yangu akinikasirikia, akae tu Meru, anipate Dallas?"

"Na aache nyumba ya jirani," nilisema.

Walicheka tena, lakini yule bibi mwenye fimbo hakucheka. Alininyooshea kidole, si kwa ukali.

"Niambie kitu moja. Likiwa huko juu, na wewe ukumbuke umekosea, unaweza kuliita lirudi?"

Mwalimu wa ng'ambo hakuwa ameulizwa swali hilo, hata nami kwa mikono yangu yote niliyonyoosha.

"Hapana, cucu," nikamwambia bibi. "Hayo niliyofundishwa hayarudi. Yanafika tu pale yalipotumwa. Ndiyo maana tunafundishwa kuhakikisha kabla, tena na tena. Kazi kubwa iko kabla ya kupiga."

"Basi hiyo ni sawa na maneno," mwenyekiti akasema, na bibi akaitikia kwa kichwa.

Ndipo mama yangu aliposimama. Alizungumza Kiswahili chake cha Meru, kizito, akitafuta maneno.

"Mimi sikutaka watu waseme mtoto yangu anaua watu. Hiyo ndiyo sababu. Alikuwa anataka kunieleza, nikakataa kusikia. Nilikuwa naogopa atanieleza vile ameua."

Nilimwendea. Nilimwambia mbele ya wote kwamba sijawahi kumpiga mtu. Nimepiga shabaha ya mbao na kitambaa, na mara nyingi nimeikosa. Na kwamba lile kombora la ng'ambo nililipenda kwa sababu hiyo hasa: kama siku mbaya itakuja, niweze kupiga kile tu kilichokusudiwa, nyumba ya jirani ibaki.

Mama alinitazama usoni. "Mbao na kitambaa," alisema.

"Mbao na kitambaa, mama."

"Na unakosa."

"Sana."

Akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha mwili mzima, akanishika mabega, na akina mama wakapiga vigelegele bila kujua waanzie wapi wimbo. Mmoja akachagua, wengine wakadaka.

Baada ya chakula walinivisha ovaroli na kofia ya neti wakanipeleka kwenye mizinga yao, maana walisema siwezi kurudi bila kuiona. Mwenyekiti alipuliza moshi na kunionyesha namna ya kuinua fremu bila kutetemeka. Huko nilikuwa kuruta. Nyuki mmoja aliingia ndani ya glavu akaniuma kidoleni, nami nilisimama tuli kama nilivyofundishwa, nikasifiwa. Tulipata mzinga mmoja mzito. Tulikula asali na nta yake tukiwa tumesimama, ikitutiririka viwikoni, na yule bibi alilamba vidole vyake vyote bila haraka. Shida ya nyuki kuhama ilitatuliwa baadaye na mtu aliyejua kazi; nilisikia walikuwa wakisumbuliwa na siafu.

Njiani kurudi Embu, nikiwa kati ya mama na mdogo wake, mama aliniuliza maswali mpaka Dallas. Mtutu ni mrefu kiasi gani? Tunaziba masikio na nini? Chakula huko melini kina viazi?

Mwaka uliofuata wazazi walialikwa kambini kwetu Mombasa. Mama alikuja na sweta, akaivua getini, akaifunga kiunoni. Nilimpandisha melini nikamwonyesha mzinga wangu. Aliuwekea kiganja, akakiondoa haraka kwa sababu chuma kilikuwa kimeshika jua. Niliitwa kidogo, nikamwacha pale. Niliporudi nilimkuta amezungukwa na wazazi wengine, wa bara na wa pwani, mkono wake mmoja ukipaa juu ya vichwa vyao, vidole vimetanuka kama mapezi, akiwaeleza kwamba kuna aina nyingine ya kombora, hapa bado hawana, ambalo kazi yake kubwa ni kusikiliza.