Kalibu ya Lapwing

Avis Pridmore hakuwahi kupenda magari. Alipenda vitu ambavyo wenzake wamevichoka. Alianza na mitambo chakavu ya viwanda vya viatu vilivyofungwa pale Kettering, akapanda hadi mabafu ya kuogea yaliyotumika, na majira ya baridi ya mwaka 1982 akanunua gari ambalo halikuwapo.

Alichonunua ni kalibu yake, lile umbo tupu ambamo bodi hutandazwa mpaka ikauke. Gari hilo, Lapwing, lilibuniwa na ndugu wawili wa Norfolk ndani ya banda la kuku: gari la kulala chini, linamfikia mtu mzima kiunoni, halina milango. Paa lote hufunuka kama kifuniko cha sanduku, nawe unaruka ukingo na kujilaza chali. Juu faibaglasi, chini Volkswagen kuukuu ambayo mteja hujitafutia mwenyewe. Yalitoka machache, ndugu wakagombana, kazi ikafa. Kalibu ilibaki hiyo moja tu. Ikivunjika, hakuna tena Lapwing, na Avis alikuwa ametoa mabafu yote ya ghalani yawe malipo yake.

Sasa bodi ya kwanza ilikuwa imenasa ndani yake.

"Shemeji, nta ulipaka mara ngapi?" Avis aliuliza.

"Mara moja," alisema Clem, mdogo wa marehemu mumewe. "Kalibu ya zamani imeshashiba nta, bodi haigandi. Si uliona ule weusi mle nda..." Akainamia ukingo. "Avis, ule weusi uko wapi?"

Jumamosi Avis aliisugua kwa spiriti mpaka ikang'aa, ili mteja akute kitu safi. Kumbe uchafu alioutoa ndio uliokuwa nta ya miaka yote.

Mteja huyo, Nesbit, fundi bomba wa Carlisle, alikuwa mlangoni, trela nje, kofia ya sufi imemshuka hadi kwenye nyusi.

"Mama, hiyo keki inatoka kwenye sufuria au niende zangu?"

"Kunywa chai yako."

Clem aliokota mtaimbo. "Nikiuchomeka hapa, nikavuta kidogo..."

"Uchomeke uone kama sijakuvunja wewe kwanza! Lete kabari za mbao. Na maji ya moto."

Waligonga kabari ukingoni, polepole, wakimimina maji kwenye ufa. Faibaglasi ililia. Wakasimama, wakasikiliza, wakagonga tena. Nyuma iliachia, paa likaachia. Bawa la kushoto, lile linalofunika gurudumu, likagoma.

"Tukate bodi," Clem alinong'ona. "Angalau kalibu itapona."

Kukata bodi ni kumfukuza Nesbit, na mteja mwingine hakuwapo. Avis alimgeukia fundi bomba.

"Vua koti. Panda ukingo ule, nikisema ruka, uruke."

"Nimekuja kuchukua gari, sikuja ngomani!"

"Gari ndilo hilo. Ruka!"

Nesbit aliruka. Kitu kililia kama bunduki. Kisha bodi ikainuka, maji yakibubujika pembeni. Kalibu ilikuwa nzima, isipokuwa ngozi yake ya upana wa kiganja iliyobanduka na kuganda kwenye bawa la Lapwing.

Nesbit alilipapasa kovu. "Hapa utanipunguzia bei."

"Magari yatakayofuata yote yatatoka na uvimbe hapo hapo. Lako peke yake ndilo lenye ngozi ya kalibu yenyewe. Nilikuwa nafikiria kukuongezea."

Clem alipaliwa na chai. Nesbit akavaa koti lake.

"Haya, nisaidieni kulipakia."

Trela lilipoondoka, Clem alinyoosha mkono kuchukua kopo la nta. Avis alikuwa ameshalichukua, amepiga magoti ndani ya kalibu, anapaka.