Mlango wa Maman Furaha

Siku ile ya mtaa wa Kasha naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ya kuku.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimepata diplome ya Leta, cheti cha serikali cha kumaliza sekondari, nikakaa nyumbani mwaka mzima na karatasi zangu ndani ya bahasha, nikingoja ofisi iniite. Haikuniita. Ndipo parokia yetu ilipoanza kuwapeleka vijana waliomaliza shule kwa mafundi wa mtaa, nami nikakabidhiwa seremala mmoja, Papa Deo. Masharti yalikuwa mafupi: miezi mitatu ya majaribio, kisha kila mmoja amtengenezee mteja kitu kimoja peke yake. Fundi akiridhika, unabaki ujifunze hadi mwisho. Asiporidhika, unarudi kwenu. Sikutaka kurudi kwenye ile bahasha.

Kazi yangu ilikuwa mlango wa Maman Furaha, mjane aliyeuza ndizi sokoni Nyawera na kuishi kwenye mteremko wa Kasha. Nilipanda na futikamba, nikapima upana, nikapima kimo upande wa kushoto. Upande wa kulia palipangwa madumu ya maji, nikaona uvivu kuyasogeza. Shuleni nilifundishwa kwamba pande za mstatili zinalingana, basi nikaandika namba ileile mara mbili. Papa Deo aliponiuliza kama nilipima pande zote, nilisema ndiyo.

Mlango ulipokuwa tayari tuliupandisha kwa mabega, mimi na vijana wawili wa karakana, Papa Deo akitufuata. Wale wawili walinitania njia nzima.

"Wee Mademoiselle Diplome, shika muzuri! Hii iko mubao, haiko kalamu!"

Tukaufunga kwenye bawaba. Ulipendeza, sitakuficha. Maman Furaha akausukuma ukajifunga, akapiga makofi. Halafu kuku wake akainama, akapita chini upande wa kulia, akaingia ndani bila haraka yoyote. Sakafu ilikuwa imefuata mlima. Upande ule uwazi ulizidi mlango kwa kiganja kizima.

Niliona aibu, na aibu ikanisukuma kuongeza kosa.

"Maman, nyumba yako njo iko mubaya. Imeinama."

"Nyumba yangu haikusoma, mutoto yangu," akajibu. "Wewe njo ulisoma."

Vijana walicheka mpaka wakakaa chini. Papa Deo hakucheka. Aliyasogeza madumu mwenyewe, moja moja, akanyoosha kidole.

"Hapa ulipima?"

Ningeweza kusema ndiyo tena.

"Hapana, papa. Sikupima. Nilikudanganya."

"Juu ya nini?"

"Niliona madumu iko mizito."

Akagusa ukingo wa chini wa mlango. "Mulango tutaongeza ubao chini. Ile si kitu. Lakini fundi mwenye kusema amepima, na hakupima, nitamutuma kwa nyumba ya nani? Omba maman musamaha. Kisha chukua futikamba."

Niliomba msamaha. Nikapima kulia, kushoto na katikati, nikakata ubao wa mshazari, nikaupigilia mpaka mwanga ukakosa pa kupita. Tuliposhuka, Papa Deo aliniambia, bila kugeuka, nifike kesho saa moja kamili. Ndivyo nilivyojua kwamba nimebaki.

Leo nina karakana yangu, na parokia huniletea vijana kama wewe. Wengi wanafika na shati jeupe, nami nafurahi kuwaona. Mwanangu, diplome yako itunze, umeitolea jasho. Ila nyumba ya mtu nenda ukaione kwa macho yako. Kama hujapima, sema hujapima, ubao ungali mzima. Ukikosea, usimtupie mteja lawama. Na fundi akikukaripia mbele ya watu, usibebe mfuko wako ukaondoka. Anayekukaripia bado anakuhesabu kuwa wake.

Mungu akukutanishe na fundi mkali mwenye moyo mwema. Akupe mikono isiyochoka upesi, na watu wengi watakaolala salama nyuma ya kazi yako.