Baridi Yabisi ya Bibi

Goti la Bibi lilitugharimu sahani mbili za halua, kuku mmoja, na kiangazi kizima bila kiyoyozi. Bibi alitaka kumlipa tabibu wake kuku wawili. Nilipatana na Bibi mpaka akaridhika na mmoja.

Mliokulia Ruwi, kule Maskati, miaka ya tisini mnalijua lile joto la ngazini, harufu ya udi ikigombana na ya samaki wa kukaanga. Tulicheza kibe, tukijificha na kutafutana ghorofa hadi ghorofa, na mchezo uliishia mlangoni kwa Bi Keiko, jirani yetu Mjapani, ambaye babake kwao alikuwa akiuza dawa za miti, akamfunza na yeye.

Mwaka ule Bibi alikuwa akiswali juu ya kiti, kiangazi ndo kinaanza, naye keshaihesabia miezi Ramadhani. "Nataka paji langu liguse mswala," akasema, "si kumwinamia Mola wangu kama abiria wa basi."

Nikatumwa kwa Bi Keiko, aliyejua Kiarabu cha sokoni. Ujumbe ulikuwa: Bibi ana baridi yabisi. Mie nikidhani neno lenye sauti ya Kiarabu ni Kiarabu tosha, nikamwambia vivyo hivyo. Yeye akasikia: ana baridi, tena amekauka. Macho yakamtoka kwa furaha! Kumbe tabibu wao ndivyo aanzavyo: haulizi jina la ugonjwa, anauliza mwili una baridi au moto, umejaa au umepungua. Wawili wenye kikohozi kimoja huweza kuondoka na dawa mbili.

Akaja, akamlaza Bibi, akambonyeza tumbo.

"Mie nnaumwa goti, huyu anitafuta nini tumboni? Kwani nna mimba?"

Bi Keiko akacheka, akaeleza, nami nikatafsiri: elimu ilitoka Uchina, Wajapani wakaipunguza maneno, wakazidisha kushika tumbo.

"Kama biriani," Bibi akakata shauri. "Imezaliwa kwengine, imekulia kwetu."

Dawa ilipochemka ikanukia mdalasini na tangawizi. "Khaa! Mdalasini umetoka Unguja, umezunguka Uchina na Japani, umerudi na nauli juu!" Akanywa akinung'unika. Maji ya barafu marufuku, kiyoyozi marufuku.

Tarawehe ya kwanza, paji lake likagusa mswala. Sisi nyuma tukajifanya tuna mafua.

Leo daktari wangu anaitazama kompyuta, hanitazami mie. Wanangu wanaiuliza simu, inawatajia maradhi ambayo hata kuyatamka ni kazi. Na goti langu limeanza. Wenzangu, nishaurini: mjini humu amebaki tabibu anayemshika mgonjwa kabla ya kushika kalamu? Nielekezeni mlango tu. Bei tutapatana.