Kidogo cha Mkono, Kikubwa cha Macho

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara. Ndani mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, pasi mbili za mkaa, moja ikinyoosha na nyingine ikipata moto, bakuli la maji ya kunyunyizia, na kamba iliyokatiza ukuta hadi ukuta ikiwa imejaa mashati ya watu. Hakuandika jina la mteja hata siku moja. Kila mtu alikuwa na uzi wake, rangi yake na fundo lake, umetungwa ndani ya ukosi, na nguo haikupotea. Wateja walimsifia kichwa. Naye aliinua kidevu, akapuliza majivu, akawaacha waendelee kusifia.

Ukweli aliujua yeye peke yake. Shule aliionja tu, akatolewa kwenda kulea watoto wa shangazi yake, na herufi zilimbakia kichwani moja moja, kama vifungo vilivyodondoka kwenye koti. Akizikuta kubwa, na akiachwa bila kusimamiwa, alizikokota mpaka zikawa neno. Lakini kusoma mbele za watu, wamemkodolea macho? Hapana. Alipochumbiwa aliulizwa kasoma mpaka wapi, akajibu kwamba shule aliichoka mwenyewe, alikuwa wa kwanza darasani akaona yatosha. Ulikuwa uongo wa msichana anayetaka kuonekana. Ukaolewa naye, ukazeeka naye.

Na aliyemchumbia, kwa balaa, alikuwa mchora mabango. Mzee Brashi, ndivyo walivyomwita. Kinyozi, duka la dawa, karakana ya baiskeli, milango yote ya mtaa ule ilikuwa na mkono wake: herufi zimesimama wima kama askari, kivuli chekundu nyuma yake. Jioni alirudi na rangi mpaka kwenye kiwiko, akaketi kwenye kigoda karibu na meza ya pasi, na hapo mdomo ulifunguka. Nani kagombana na nani, nani kajenga choo kinachotazama jikoni kwa jirani, mteja gani kataka aandikiwe "daktari" wakati anauza mizizi. Mama Pasi alinyoosha nguo huku akicheka mpaka mkaa ukapoa.

"Wewe mwanamume umeumbwa kwa ulimi mtupu," alimwambia.

"Na wewe kwa masikio. Ndiyo maana hatuachani."

Kisha ikaja asubuhi ambayo mkono wa kulia haukuamka, na ulimi ulilala mdomoni kama kitambaa kilicholowa maji. Daktari akasema akili nzima, masikio mazima, anajua kila kitu, ila maneno hayatoki tena. Wakamletea ubao na chaki. Mzee akaishika chaki kwa mkono wa kushoto, akaandika neno moja. Herufi zilikwenda upande, nyingine ndefu, nyingine imekunjamana. Alizitazama muda mrefu. Kisha akazifuta kwa mkono wa shati na kuitupa chaki uvunguni. Mtu aliyepamba mtaa mzima hakukubali kuonekana na mwandiko wa mtoto wa chekechea.

Mama Pasi alishusha pumzi siku ile, na papo hapo akajichukia kwa kuishusha. Maana kitu kimoja tu alikitaka sasa duniani: kujua tena mumewe anasema nini. Kigoda kilikuwa pale pale, mtu alikuwa pale pale, na chumba kilikuwa kimya mpaka alisikia maji yakikauka kwenye nguo.

Mtoto wao wa pekee, binti aliyekuwa karani wa bandarini katika mji wa mbali, ndiye aliyekuja na wazo. Alifika na begi dogo na mipango mikubwa.

"Baba, tutakununulia kishikwambi. Unagusa tu kwa kidole, herufi zinatoka zimenyooka kuliko hata zako."

Mzee Brashi akakunja uso kwa lile neno la mwisho, lakini macho yake yaling'aa. Mama Pasi aliyaona yaking'aa. Akajua kwamba safari hii hapana pa kukimbilia.

Dukani walipangiwa viwili juu ya meza ya kioo. Kimoja kidogo, kinaenea kiganjani. Kingine kikubwa, upana wa sinia ya kuchambulia mchele. Muuzaji alikuwa mtu mnene mwenye miwani juu ya paji la uso, na alionekana kufurahia kazi yake.

"Hapa bi mkubwa ni suala la mkono na macho. Hiki kidogo kinafuata mkono: Mzee anakilaza kwenye paja, anakipachika mfukoni, kwisha. Hiki kikubwa kinafuata macho: herufi zinatoka nene, hata aliye upande wa pili wa chumba anasoma. Kidogo nacho unaweza kukuza herufi, ila ukizikuza, maneno matatu yamejaza kioo."

"Hakisemi chenyewe?" aliuliza binti.

"Kinasema! Sikilizeni." Akaandika, akabonyeza. Sauti ya mwanamke ikatoka, ikitamka maneno ya Kiswahili kana kwamba kila moja limemkwama kooni.

Mama Pasi ndiye aliyecheka kwanza, na kwa nguvu kuliko wote. "Huyu naye ni nani? Amekula nini? Niletewe mke mwenza ndani ya kioo, na bado hajui kusema!"

Duka zima likacheka. Mzee Brashi hakucheka. Alitikisa kichwa, akaunyoosha mkono wa kushoto na kufanya ishara ya kuzima. Muuzaji akaizima. Mzee hakutaka kusemewa na mgeni, na mkewe alikuwa ameshamwonyesha mgeni yule anavyosikika. Mama Pasi alikuwa bado anapangusa machozi ya kicheko alipoelewa alichokifanya. Mlango mmoja uliokuwa wazi kwake ameupiga teke mwenyewe.

Mzee akakivuta kile kikubwa. Kidole kimoja kikatembea juu ya kioo, polepole, kikitafuta. Alipomaliza alikigeuza kumwelekea mkewe, naye akatabasamu nusu, upande ule uliobaki hai. Herufi zilikuwa nene kama vidole. Mama Pasi alianza. H. I. Hi. K. I. Hiki. Hiki! Alilipata, na moyo ukamruka. Neno la pili lilikuwa refu. Akashika mwanzo wake, akainua macho kidogo, akaona watu watatu wanamsubiri: mume, binti, na muuzaji aliyekwisha kushusha miwani puani.

"Kikubwa mno," akasema, akakisukuma. "Atakibebaje na mkono mmoja? Tuchukue kidogo."

"Mama, lakini baba ameandika 'Hiki utakiona vizuri.' Anakuchagulia wewe."

"Mimi nimechagua cha mkono wake."

Ilisikika kama huruma. Lakini hesabu aliyoipiga ilikuwa nyingine: herufi zikiwa ndogo, nitasema sioni, na nani atamlaumu bibi kizee kwa kutoona?

Binti akafikiri kidogo. "Haya. Basi tukitoka hapa tupite kwa mtu wa miwani, nawe upimwe."

Miwani! Akivalishwa miwani, kisingizio kimekufa. Mama Pasi akavimba kama andazi.

"Miwani ya nini? Macho yangu mazima. Natunga uzi kwenye sindano kwa mwanga wa dirisha, sijawahi kukosa tundu. Muulize baba yako."

Mzee Brashi akaitikia kwa kichwa. Kweli, alikuwa anamwona kila siku. Na hivyo kisingizio kikafa hata kabla ya miwani, kimeuawa na mdomo uliokitunga. Walitoka na kile kidogo, na muuzaji akawatakia mazungumzo mema.

Binti alikaa nyumbani siku chache. Zilikuwa siku za furaha, hilo lisifichwe. Mzee aliandika, binti akasoma kwa sauti, na Mama Pasi akajibu huku pasi ikitembea. Mzee alisimulia kicheko cha muuzaji, alimtania mkewe kwamba anachoma shati la mwenye nyumba kwa makusudi. "Mwambie alaaniwe!" alipiga kelele Mama Pasi. "Mwambie mwenyewe, mama, anakusikia," alijibu binti, na wote watatu wakacheka. Kisha likizo ikaisha. Binti akaondoka.

Mchana wa kwanza wakiwa wawili, Mzee aliandika kwa muda mrefu, ulimi ukichungulia pembeni mwa midomo, kisha akamnyooshea. Mama Pasi alikausha mikono kwenye kanga, akakipokea. Herufi zilikuwa kama wadudu waliomwagika. Alikisogeza mbali, akakisogeza karibu. Ndipo alipotaka kusema sioni, akamwona Mzee anautazama ukosi wa shati juu ya meza, ule aliotoka kuutunga uzi asubuhi ile.

"Haya," akasema. "Nimeona." Akamrudishia.

Mzee akangoja. Mama Pasi akachukua pasi.

Ikawa ndiyo desturi. Yeye aliandika, mke akasema "Haya," au "Ni kweli kabisa," au akacheka kidogo pale uso wa Mzee ulipoonekana kutaka kuchekewa. Mara nyingine alipatia. Mara nyingi hakupatia, na aliona Mzee akimkazia macho, akikichukua tena, akiandika upya, mafupi zaidi, akigonga kioo kwa ukucha: soma. "Nimesoma, bwana wewe, mbona unanisimamia kama mwalimu mkuu?" Naye alimgeuza kitandani kama alivyozoea, akamlaza vizuri, akamfunika. Mzee akafumba macho.

Alijaribu, asije akasemwa kwamba hakujaribu. Mzee alipolala mchana alikichukua, akakaa dirishani. B. A. Ba. D. O. Bado! Bado nini? Alipofika herufi ya tatu ya neno la pili, kioo kikazimika. Alikigusa, kikawaka, maneno yakawa yamekimbia, pametokea kitu kingine chenye rangi. Alikirudisha kwenye mto wa kitanda haraka kama aliyeiba. Kumwomba jirani amsomee? Jirani asome maneno ya mume wake, kisha yapite kisimani? Heri kukaa nayo bila kuyajua. Aliwahi kupita mbele ya lile duka, akakitazama kikubwa kupitia kioo, akajiambia kwamba anaangalia tu. Muuzaji akamwona.

"Vipi bi mkubwa, kidogo kinafaa?"

"Kinafaa sana," akasema, akapita.

Mzee naye aliandika kidogo zaidi kila wiki. Halafu akawa anaandika mambo ambayo hayakuelekezwa kwake tena. Kishikwambi kililia na kulia tena, na Mzee alikiinamia peke yake, mgongo umeelekea mezani. Mama Pasi alifikiri ni mchezo.

Jumapili moja kililia kwa namna nyingine, na uso wa binti ukajaa kioo. Mzee akakiegemeza kwenye mto. Binti hakuwa anatabasamu.

"Mama, kaa."

"Nimesimama vizuri tu. Sema."

"Baba ameniandikia mengi. Anasema anakuomba usimlaze upande wa kulia, bega linamuuma. Anasema amekuandikia mara nyingi, unasema haya, kisha unamlaza upande ule ule. Anasema anakuuliza jambo unacheka. Anasema hakulaumu, umechoka naye, ulimpenda alipokuwa na maneno. Anataka kuja kukaa kwangu."

Mama Pasi alimtazama mumewe. Mzee alitazama ukuta. Bega lile la kulia lilikuwa limejikunja ndani ya shati, na yeye ndiye aliyelinyoosha shati lile bila kuona kilichomo.

Maneno yalikuwa mepesi: sikusoma, sijui kusoma, sijawahi kujua. Yalifika mpaka kwenye meno. Lakini kwenye kioo alikuwepo binti ambaye yeye mwenyewe alimchapa utotoni kwa kufeli kusoma, akimtajia mama aliyekuwa wa kwanza darasani. Na kitandani alikuwepo mtu aliyeishi na herufi maisha yake yote, akamwamini kwa neno lake moja la uchumba. Mama Pasi akachagua lile alilolizoea.

"Kama anaona nimemchoka," akasema, "aende kwa mwanawe. Mimi simfungi mtu kamba."

"Mama! Huna hata la kumjibu?"

"Nimejibu."

Mzee alikilaza kioo kifudifudi juu ya paja lake.

Walikuja kumchukua kwa gari la kukodi. Mama Pasi alimfungia nguo zake, zote zimenyooka, hakuna kunyanzi. Akamwambia dereva amkalishe upande wa kushoto, bega la kulia lisiguswe na mlango. Mzee akamtazama aliposikia hilo. Alimtazama kwa mshangao kama mtu anayeuliza: kumbe ukiambiwa unasikia? Na yeye, hata hapo, akatengeneza kola ya mumewe, akaufunga mlango.

Sasa binti hupiga simu mara moja kwa wiki, kwenye kile kisimu cha vitufe cha Mama Pasi, akimsomea alichoandika baba yake. Maneno yanamfikia yote, hakuna anachokosa. "Baba anakusalimu. Anasema hajambo. Anauliza hali ya afya na kazi." Ni salamu za mtu anayemwandikia mkwe. Hakuna jirani wala choo wala mganga wa mizizi.

"Mwambie nzuri," hujibu Mama Pasi. "Mwambie kazi ipo."

"Hakuna lingine, mama?"

Hupuliza majivu, simu sikioni, mkaa ukipoa ndani ya pasi.

"Hakuna."