Walitaka Wakae Benchi Moja

Hapana, mkamwana wangu hakukimbia kwa ushamba. Simu anaijua kuliko nyie. Alikimbia kwa sababu ana adabu, na wale wageni hawakuuliza.

Walikuja wawili kupanga utafiti wao, binti na kijana wa ndevu. Kuna apu ya kuuzia maziwa wanatengeneza, wanataka waone sisi tunavyohangaika nayo kabla haijatoka. Binti anaongea kama anambembeleza mtoto ameze dawa: "Bibi, hatukupimi wewe, tunaipima apu." Nikamwambia sawa mjukuu wangu, hata sisi ng'ombe hatumpimi, tunamkamua tu.

Lakini nilifurahi. Kwangu siku hizi anayekamua ni mkamwana, anayepeleka maziwa Makandana na mvua yote hii ni yeye, halafu wakija watu wa kuuliza wanawauliza wanaume. Leo na yeye ataulizwa. Mwenyewe asubuhi alishavaa gauni la kanisani.

Sasa sikia mpango wao. Mzee wangu, baba wa nyumba hii, akae benchi moja na mkamwana, simu katikati, waelekezane, kamera iwachukue wote. Mkamwana kusikia tu kikohozi cha baba mkwe wake mlangoni, akajifunika kitenge mpaka kichwani, huyo, migombani. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawakutani. Akimwona njiani anachepuka, anapita shambani kwa watu. Rungwe nzima wanajua, hata kuku wanajua.

Yule wa ndevu akabinua midomo: "Huyu tumwandike hana ushirikiano, tutafute mwingine." Hana ushirikiano, mtoto anayenisugua mgongo nikiumwa. Hasira zikanipanda. Nikawaambia mkamwana akae jikoni na mimi, mzee abaki nje, waulizeni mmoja mmoja, kwani shida nini? Binti akaanza kutikisa kichwa kukubali. Mwenzake akamkata, sauti ya mwalimu wa zamu: "Bibi, mpango umeshapitishwa. Lazima waonekane pamoja, hata kidogo tu."

Mzee wangu muda wote yuko mlangoni, anakunja kofia yake, anakunjua. Namkonyeza, nyamaza baba, nyamaza, maana huyu akifungua mdomo mkamwana wangu ndo basi tena, hataulizwa na mtu.

Akafungua.

"Sura ya mkamwana wangu siijui, na simu yenu haitanionyesha. Nendeni."